Nywele za Kufungia Mpini

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu aliingia dukani kwangu amechangamka, akaegemea kaunta, akaniambia anaoa mara tu Ramadhani ikiisha, na anataka kuoa na upanga wa bibi. "Shangazi, nasikia unao wewe," alisema. "Hizi za kukodi zimenichosha. Kila harusi upanga uleule." Nikajifanya napanga bidhaa. Uso ulinishuka, rafiki yangu, mtu mzima kama mimi, na yeye maskini akadhani nina mchumba mwingine wa kumpendekezea. Nikamwambia aje kesho yake. Usiku huo wote nilikuwa mtoto tena, na aibu yangu ya utotoni ilikuwa mbichi kama jana.

Nilikulia hapahapa Kariakoo, wakati nyumba nyingi za mtaa wetu bado zilikuwa za chini, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani penye bomba moja la kugombania. Ukiamka, adhana imekwisha na mikokoteni inakwenda sokoni, wasukumaji wanapiga kelele za "Pisha, pisha!" Bibi alikuwa ameshakaa mbele ya chuma cha vitumbua, harufu ya iliki imejaa mpaka barazani. Jumamosi nilifagia uani, nikachota maji, kisha nikakaa katikati ya magoti yake anisuke. Hapo ndipo nilipolia, maana nywele zangu zilikuwa kipilipili hasa na chanuo lilikuwa la mbao. Nywele zilizobaki kwenye chanuo hazikutupwa. Bibi alizikusanya, zake na zangu, akazitia kwenye kopo la maziwa. Alisema nywele ya mtu haiachwi ovyo ikaokotwa na mwenye nia mbaya. Nyingine alizichimbia uani, na zile mpya alikuwa na kazi nazo.

Kazi yenyewe ilikuwa upanga wa babu. Babu sikumkuta. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na upanga ule alipewa na mpishi wa meli, mtu wa kisiwa cha Java, waliyeshibana naye. Kwao wanauita kerisi. Ulikuwa mfupi kuliko mkono wangu, ubapa wake una mawimbi, na ala yake ya mbao. Lakini kilichowashangaza watu ni mpini. Ulichongwa mfano wa mtu aliyejikunja, mikono ameikumbatia tumboni, kama mgonjwa wa homa anayesikia baridi. Babu alimweleza bibi kwamba kule mipini ni ya namna nyingi. Kuna wanaochonga mdomo wa ndege, kuna wanaochonga tumba la ua, kuna wanaoupinda kama kiwiko, na mtu akiuona mpini tu anajua mwenyewe katokea wapi. Wetu sisi ulikuwa huyo mgonjwa wa homa. Wenzangu wa madrasa walinitania kwamba kwetu kuna sanamu, nami nilimwonea haya kama vile ni ndugu yangu. Bibi, ili asimkwaze mwalimu wetu, alimshonea yule mgonjwa wa homa kifuko cha mahameli ya kijani, akawa anatoka nje amevaa.

Mpini ule haukushikwa na gundi wala msumari. Chini yake palikaa pete ya shaba, kama kikombe kidogo cha kahawa, na ndani yake uliingia mkia wa chuma wa upanga. Mkia huo ulizungushiwa nywele, kisha mpini ukasukumwa taratibu mpaka ukabana. Babu ndiye aliyemfundisha bibi. Jirani yetu Mangi, Mchaga mwenye duka la misumari na rangi, hakukubaliana kabisa na ufundi huo. Kila harusi ikikaribia alichungulia barazani akasema, "Bibi, nikupe gundi basi, upumzike." Bibi alimjibu bila kuinua kichwa, "Gundi yako itamfaa bwana harusi mmoja. Wa pili nitamwambia nini?" Kwa sababu mpini uliofungwa kwa nywele unazungushwa kidogo, ukakaa sawa na kiganja cha atakayeushika, na viganja havifanani.

Basi kila bwana harusi wa mtaa wetu alianzia safari barazani kwa bibi. Alikuja na joho na kilemba, akampa bibi shikamoo, bibi akamfunga upanga kiunoni, akauzungusha mpini, akamwambia, "Shika nione." Baada ya hapo bibi alitangulia mbele ya wanawake wote kwenye maandamano, kanga mpya, kichwa juu. Alikuwa mjane muuza vitumbua, lakini siku ya harusi mtaa mzima ulimfuata yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na hakuwa na nyingine.

Mwaka nilipomaliza darasa la saba, bibi alikuwa ametoka kuugua. Mikono ilimtetemeka, hakuweza tena kunisuka, na nywele zake mwenyewe zilikuwa zimenyonyoka. Kijana wa fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa anaoa Kisutu. Bibi akaniita chumbani, akaniwekea upanga mapajani. "Safari hii utafunga wewe," akasema. "Tia nywele zako." Ningepaswa kuruka kwa furaha. Ila chini ya mtandio wangu palikuwa na jambo ambalo bibi hakulijua: siku chache kabla nilikwenda saluni ya mtaa wa pili, nikawekwa dawa, na kile kipilipili nilichochoka kuchekwa nacho kikalala, kikang'aa, kikafika mabegani.

Nikatoka nje, nikachana, nikarudi na nywele zangu mpya. Nilipozizungusha kwenye chuma ziliteleza. Nikaongeza. Zikateleza. Nikaongeza tena, nikausukuma mpini mpaka ukatulia, nikauvika kifuko chake. Bibi aliujaribu kwa mikono yake dhaifu, akaridhika, akaniita fundi.

Tulitoka alasiri na matarumbeta, tukakatisha Mnazi Mmoja, waliokuwa wanapita njia wakasimama kututazama. Nilinukia asmini na nilikuwa nimejaa maringo. Desturi yetu ni kwamba bwana harusi akifika kwa bibi harusi, mlango umefungwa, anachomoa upanga na kuuinua, ndipo wanawake wa ndani wapige vigelegele na kufungua. Kijana akashika mpini, akavuta, mkono ukapanda juu. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Upanga ulikuwa umebaki kiunoni, ndani ya ala yake. Mkononi kijana wa watu ameinua kifuko cha kijani, na chini yake linaning'inia shada la nywele.

"Jamani mashoga," sauti ikatoka dirishani, "kama upanga wenyewe ndio huo, mwenzetu anakuja kuolewa na nini?" Walicheka wa ndani, wakacheka wa nje, mpiga tarumbeta akashindwa kupuliza. Bwana harusi aliinama kama yule mtu wa kwenye mpini. Shangazi wa bibi harusi akaja mbele, akalichomoa lile shada, akalinyanyua watu walione. "Mbona zimenyooka hivi? Bibi, siku hizi unafunga kwa nywele za nani?"

Bibi alizichukua, akazisugua kwa vidole viwili. Kisha akanitazama, macho yake yakapanda mpaka kwenye mtandio wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. "Nimekosea kufunga," aliwaambia watu. "Uzee." Alikuwa bado kashika zile nywele, kazifumba kiganjani wasizione tena.

Tulipofika nyumbani aliniondoa mtandio polepole, akanipapasa kichwa kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo mwenyewe. "Nywele iliyojisokota ndiyo inayoshika," akasema. "Hizi zimelala, mjukuu wangu." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, angenipiga hata na mwiko, tungemalizana siku ile.

Harusi iliyofuata, bibi aliusugua upanga kwa ndimu na mafuta ya nazi, akavaa kanga mpya, akakaa barazani tangu asubuhi. Hapakuja mtu kuuazima. Alasiri matarumbeta yakapita mbele yetu, bwana harusi ana upanga kutoka Ilala, wanawake wanamsalimia bibi huku wanatazama pembeni. Hata Mangi alijifanya anafunga duka. Bibi aliitikia salamu zote, kisha akaingia ndani, akautoa mpini, akauviringishia kitambaa chake, na ubapa kitambaa chake. Alikufa bila kuviunganisha tena.

Nyumba ilikwenda kwa warithi, ikavunjwa, ikaota ghorofa kama nyumba zote za mtaa ule. Baraza hakuna, na anayeoa anakodi kila kitu kwenye duka moja: joho, kilemba, na upanga wenye mpini wa dhahabu ya kupaka, uliogundishwa usitoke, sawasawa kwa kila kiganja. Mangi wa watu angefurahi. Mimi nina fremu ya duka chini ya ghorofa mojawapo, na usinicheke, rafiki yangu, ninauza nywele. Za kusukia, za kushonea, mawigi, na dawa za kulaza kwa katoni. Kuta zote nne zimejaa nywele hadi darini.

Kijana alirudi kesho yake kama nilivyomwambia. Nikamwekea vile vitambaa viwili kwenye kaunta. Alimfungua yule mtu wa homa, akamgeuzageuza, akampenda papo hapo. Akamchomeka kwenye mkia wa upanga, mpini ukacheza ovyo. Nikamweleza kinachotakiwa: nywele za mwanamke wa kwetu, ambazo hazijalazwa. Akaniangalia, akaangalia kuta.

"Shangazi," akasema, "nywele zote hizi, hata moja haifai?"

"Haifai."

"Za dada zangu?"

Nikawapitia mmoja mmoja moyoni, dada zake, binamu zake, mpaka vitoto vinavyoanza shule. Wote ni wateja wangu. Niliwalaza nywele kwa mikono hii.

"Basi zako mwenyewe, Shangazi."

Nikavua wigi ili aone. Dawa ya miaka mingi imenila kuanzia mbele hadi utosini, na kilichobaki hakizunguki hata kidole. Hakuna mtu wa familia aliyewahi kukiona kichwa changu, na yeye ni kijana wa Bongo asiyekosa utani. Hakutania. Alilichukua wigi mkononi mwangu, akanivika, akalinyoosha upande wa kulia lilipokaa vibaya.

"Nitakodi, Shangazi," akasema, akaanza kumfunga yule mtu kwenye kitambaa chake.