Saini Yangu Ndiyo Iliyobaki

Nilimnyima mtu saini. Nalitaja kosa langu mwanzoni ili usije ukanionea huruma kabla hujalijua. Sikumpiga mtu wala sikuiba. Niliweka karatasi kwenye droo ya jikoni kwa miezi minne, na kila nilipoulizwa nikasema uongo.

Mimi ni Mkongo wa Uvira, na miaka sabini nimeipita. Kabla ya kuletwa Marekani nilikaa kambini Tanzania miaka kumi na sita. Nakutajia kambi kwa sababu ndiyo inayonitia aibu zaidi. Sikuwa mtu asiyejua kungoja ni nini.

Hapa Gaithersburg nilipata kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Mwenzangu alikuwa Msyria, fundi umeme huko kwao, mjane wa umri kama wangu hivi. Tuliitana kwa desturi ya kwao, ambayo pia ni yetu, ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto. Yeye alikuwa Abu Rima. Lakini mimi hakuniita Baba Neema, aliniita Haji, kama wanavyowaita wazee wao.

"Mimi ni Mkristo, na Maka sijafika," nilimwambia siku ya kwanza.

"Utafika," akasema. "Kwa ndevu hizo watakupitisha bila kukuuliza."

Kiingereza chetu kilikuwa kibovu namna moja, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Rima ndiye mtoto wake wa pekee. Alibaki Jordan na watoto wawili, Sami na mdogo wake wa kike, mume ametoweka vitani. Baba alipopitishwa kuja huku, faili la binti liliachwa nyuma kwa kuwa alikuwa ameshaolewa. Abu Rima alinionyesha picha zao kwenye simu hata nikaweza kusema ni jino gani la Sami limeng'oka wiki hiyo.

Halafu serikali ya hapa ikatoa nafasi ambayo hatukuwahi kuisikia. Watu watano wa kawaida wangeweza kujiunga, kila mmoja atie saini, wamdhamini mkimbizi waliyemchagua wenyewe. Wampokee uwanja wa ndege, wamtafutie nyumba, wawaandikishe watoto shule. Kanisani kwetu yakaundwa makundi mawili. La kwetu liliongozwa na Wambui, muuguzi, Mkenya mwenye haraka katika kila kitu. Alipouliza tumlete nani, mimi ndiye niliyeinua mkono nikalitaja jina la Rima.

Nilipompa Abu Rima habari hiyo alizima mashine ya kukaushia, akanikumbatia, akalia kwenye shati langu. Sikumwambia kwamba ni bahati tu. Niliipokea ile shukrani kama mtu anayestahili.

Wenzangu wanne wakasaini. Karatasi ikanifikia Jumapili moja mwishoni mwa Agosti, nikaenda nayo nyumbani nikaisome. Jumanne yake, mpwa wangu Furaha, ambaye yuko bado kambini na mama yake, akanitumia ujumbe wa sauti.

"Mjomba, tunasikia huko mnaandikisha watu. Na tunasikia ni Waarabu. Sisi ni miti ya kambi, mjomba? Tulioteshwa hapa?"

Nilisikiliza mara nyingi. Nikaanza kuhesabu moyoni. Kundi lilikuwa linabeba familia moja kwa wakati mmoja. Wakishamleta Rima watachoka, nani atasaini kwa Furaha? Wasyria walianza kukimbia juzi tu, sisi tumekimbia tangu Sami hajazaliwa, tangu mama yake ni msichana. Nikajiambia kwamba kuna foleni, na mtu wangu yuko mbele.

Hayo ndiyo nilijiambia. Sikuyasema mbele ya mtu. Ningeyasema, Wambui angenijibu, tungebishana, tungemaliza. Mimi nilinyamaza nikatia karatasi kwenye droo, nikitumaini wenzangu wachoke kungoja, niwaambie basi, tumlete Furaha.

"Mzee wangu, ni wewe tu umebaki," Wambui aliniambia mlangoni pa kanisa. "Wenzetu wa kundi la pili washatuma yao. Si usaini tu niitume?"

"Kuna shida na jina langu," nikamjibu. "Linafanana na la mtu mwingine. Wanachunguza."

Uongo huo ulinitoka laini kama mafuta. Ukishasema mara moja inabidi uulishe kila wiki. Nilimwambia hata Abu Rima. Unajua alinijibu nini?

"Usihuzunike, Haji. Na mimi jina langu lilinichelewesha miaka miwili. Ni karatasi tu. Wewe huna kosa."

Akanichemshia chai siku hiyo, yeye akinifariji mimi.

Mke wangu aliiona droo. "Baba Neema, hii karatasi ya watu utaiozesha humu?" Nikamwambia asiingilie mambo ya kamati.

Kabla ya Krismasi familia ya kundi la pili ikafika, nao Wasyria. Tulikwenda wote kuwapokea uwanja wa ndege wa Dulles, na Abu Rima akawa mkalimani. Mtoto wao mmoja alikuwa amevaa ndala kwenye baridi ile. Abu Rima alivua soksi zake mwenyewe akamvika, zikamfika magotini, watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Haji, mwaka ujao mimi nitasimama hapa na maua."

Nilisaini kesho yake asubuhi. Wambui akaituma siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache serikali mpya ikaingia, na mlango ukafungwa kwa wote. Kwa Rima na kwa Furaha.

Huko Jordan misaada ikapungua, mwenye nyumba akataka chumba chake. Vita kwao vilikuwa vimetulia na watu walikuwa wanarudi. Rima akarudi na watoto kwenye nyumba ya baba yake, nyumba isiyo na paa. Sami aliokota kitu cha chuma kwenye kifusi nyuma ya jiko. Kikalipuka. Alikuwa na miaka saba.

Abu Rima alikaa nyumbani wiki moja. Aliporudi kazini tulikunja mashuka, kila mtu ncha zake mbili. Kisha akasema, "Haji, wewe ulijaribu. Mungu aliona kwamba ulijaribu."

Nilishindwa. Nikamwambia yote: droo, jina, Furaha. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulikuwa na karatasi tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na kundi lililowaleta wale wa Dulles, lilituma lini?"

Alikuwa anajua. Alitaka nilitamke mwenyewe. "Agosti," nikasema.

Akaweka shuka juu ya mengine, akainyoosha pembe, akatoka. Aliomba zamu nyingine, baadaye akaacha kazi. Nasikia yuko Annandale kwa jamaa wa kwao. Namba yake ninayo. Sijapiga, kwa sababu nitakachotaka ni anisamehe, na hilo nalo litakuwa kumwomba kitu.

Furaha hajapata chochote kutokana na yale niliyofanya. Yuko pale pale. Siku hizi ujumbe wake ni salamu tu. Nami niliacha ile kazi, mikono yangu haipendi tena kushika shuka.

Wewe unayesoma, labda kuna mtu amekupa karatasi yake. Ya udhamini, ya ushahidi, barua tu ya kumtambulisha. Kama unaona mtu wako ana haki zaidi, sema, mbele ya watu. Kama hutaki, kataa leo kwa mdomo wako, akatafute mwingine. Usikae nayo. Kanisani kwetu Jumapili watu husimama ukutani kwa kukosa viti. Mtu wa tano hakukosekana. Nilikuwa nimeikalia nafasi yake.