Jibu Sahihi la Asia

Zainabu Sudi wa Kitaya haamini ovyo. Muhogo wa sokoni huumega akauonja kwanza, na wenzake humcheka kwamba hata salamu huitilia shaka. Ndiyo maana wanawake wanaolima bondeni kando ya Ruvuma walimkabidhi kundi lao la simu, la kuambiana njia ipi salama, tangu watu wenye silaha waanze kuvizia ng'ambo. Ujumbe wa kundi hufunguka kwa funguo zilizo ndani ya simu za waliomo tu. Akitolewa mmoja, funguo hubadilika, na kusoma tena hawezi.

Adhuhuri moja ukaingia ujumbe wa Asia, mdogo wake, aliyevuka mto kwenda kumzika mkwewe asisikike tena. "Dada, mmejificha wapi? Nakuja." Juu yake simu ikaonya: msimbo wa usalama wa Asia umebadilika. Yaani namba ni ileile, simu ni nyingine.

Kama ni Asia, yuko peke yake porini. Kama si yeye, kina mama wa kundi waliojificha mikoroshoni wamekwisha, wao na watoto wao.

"Mjibu basi!" alihimiza Farida, jirani yake. "Damu yako hiyo!"

"Naiona namba tu, shoga. Damu siioni."

Akampigia; hakupokea. Ndipo akamwandikia fumbo la unyago, lile ambalo kungwi aliwafunda wao wawili tu walipochezwa pamoja. Mwanamke aliyefundwa hajibu fumbo nje ya kumbi la unyago. Humtukana aliyeuliza, hata awe dada yake. Zainabu akakaa akiliombea tusi lije.

Likaja jibu, neno kwa neno, sahihi.

"Ni yeye!" Farida akapiga kigelegele.

"Ni yeye," Zainabu alisema. Hakuna mwingine aliyelijua jibu lile. Na Asia, mkaidi yule, asingeliandika kamwe, ila kama ameshikwa, kuna anayesoma juu ya bega lake, na mwenyewe anataka dada yake ajue.

Kuwaonya wenzake Zainabu asingeweza, Asia akiwa bado kundini, maana onyo lingesomwa na haohao waliomshika. Akimtoa wangeona, wangejua ni Asia aliyemtonya, na wa kuadhibiwa angekuwa yeye.

Zainabu alilibonyeza jina la mdogo wake, akamwondoa. Kisha akaandika: Hameni sasa hivi.