Mchele wa Kwenye Chupa ya Mbegu

Pale Meinong, kusini mwa Taiwan, Yuk-moi alijulikana kwa figili zake nyeupe na kwa mdomo wake. Mbegu alizianika kivulini mpaka zikakauka kabisa, akazitia kwenye chupa pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa, wa kunyonya unyevu, akaikazia kifuniko na kuiweka kwenye friji. Baridi na ukavu, alisema, ndivyo vinavyoilaza mbegu miaka. Wifi yake Wun-kiau alihifadhi zake kwenye kopo la biskuti lenye vipande vya mkaa, vya kunyonya unyevu vilevile.

"Wifi, hizo ni mbegu au unataka kuchoma samaki?" Yuk-moi alikuwa akimtania mbele za watu.

Mvua za Mei zikaanza. Nguo hazikauki, kuta zinatoka jasho. Fuk-sin, mume wa Yuk-moi, akagundua kwamba ule mchele ni mtamu ajabu ukinyunyizwa kwenye chai ya kusaga, ile ya majani yaliyopondwa pamoja na karanga na ufuta. Kila alasiri anatoa chupa, anaifungua, anachota, anairudisha. Hewa ya joto ikiingia mle kwenye baridi, mbegu zinalowa umande. Yeye alifuta chupa kwa nje tu, asikamatwe.

Septemba, kabla ya kupanda, Yuk-moi alifunga mbegu chache kwenye kitambaa kibichi azijaribu. Hata moja haikuota. Akalaumu friji, akalaumu umeme. Kisha akakishika kile kifuko: chepesi!

"Fuk-sin! Mchele wangu uko wapi?"

"Ule? Si uliniwekea mimi? Nikasema, kumbe mke wangu bado ananipenda."

Yuk-moi nusura acheke, akajikaza. "Nenda kwa dada yako ukaombe mbegu!"

Fuk-sin alirudi mikono mitupu. Dada mtu alikuwa amecheka mpaka akashika mlango, akasema Yuk-moi aje mwenyewe.

Yuk-moi akaenda, uso umemkunjamana.

"Karibu wifi. Umefuata mkaa?"

"Nimefuata mbegu."

"Sijasikia. Masikio yameingia unyevu."

"Mbegu zako NZURI, wifi!"

Wun-kiau akamjazia mbegu kikombe tele, akamkalisha, wakamsengenya Fuk-sin mpaka jua likazama. Hawakuwahi kuelewana vile tangu harusi.

Figili za mwaka ule zilitoka nene kama mapaja ya mtoto. Watu walipozisifu, Yuk-moi alikiri kuwa ni mbegu za wifi yake, ila alikiri kwa sauti ya chini sana.