Kamba za Fundi

Dada yangu ni fundi wa nguo, na kibandani kwake hakuna daftari la vipimo. Ukutani kuna misumari, na kila msumari una kamba ya mteja wake: fundo la kwanza kiuno, la pili kifua, la tatu urefu wa gauni. Ukinenepa, anafungua fundo na kulisogeza mbele bila kukuonea haya. Wateja wanamwita Fundi Kamba. Wanadhani ni mbwembwe tu.

Ni mimi tu, mdogo wake, niliyejua ukweli. Dada anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, lakini mpe kalamu uone: herufi moja inapanda juu ya mstari, nyingine inashuka, ya tatu inaikalia ya pili. Alichapwa kwa mwandiko huo mpaka akaacha shule. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa namcheka. Tulipokua nikawa karani wake. Fomu zote, barua zote, ni mkono wangu. Hata mwanawe hakujua.

Mwana mwenyewe ni binti wa miaka kumi na moja, yuko darasa la tano, mdomo kama redio. Atakueleza damu inavyozunguka mwilini mpaka uanze kusikia mapigo yako. Lakini akishika kalamu ni mama yake mtupu. Mwalimu aliandika daftarini kwa wino mwekundu, "Mvivu." Dada aliposoma neno hilo, akawa anamkalisha mtoto kila jioni kando ya cherehani, anamnakilisha kurasa mbili. Mtoto akikosea kidogo, anafuta, anaanza upya.

"Dada, si na wewe ulikuwa hivi hivi?" nilimuuliza usiku mmoja, mtoto akiwa amelala.

"Ndiyo maana. Sitaki aishie kama mimi."

Siku zilivyokwenda, mtoto akanyong'onyea. Redio ikazimika.

Kisha tukaitwa shuleni. Dada akanibeba kama kawaida, kalamu yake yenye miguu.

"Sayansi amepata kumi na nne kwa hamsini," alisema mwalimu wa darasa, mama mtu mzima mwenye miwani, wala si mkali. "Sehemu kubwa nimeshindwa kuisoma. Itabidi arudie darasa. Jaza jina lake hapa, halafu utie sahihi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu. Dada akanipiga kofi vidoleni.

"Acha. Leo naandika mwenyewe."

Akainama. Majina matatu tu, lakini ungemenya sufuria zima la viazi ukimngoja. Jasho lilimtoka puani. Alipomaliza, akaisukuma fomu mezani, pa sahihi pakiwa wazi. Mwalimu akaitazama, akavuta daftari la binti, akaviweka pamoja. Akafuata herufi kwa kidole, za huku na za kule.

"Mimi si mvivu, mwalimu," dada akasema. "Gauni ulilovaa nimelishona mimi, na sikuandika hata namba moja. Muulize mtoto kwa mdomo."

Mwalimu akamwita binti karibu, akamuuliza mtihani ule ule, swali moja baada ya jingine. Alianza kwa sauti ya mgonjwa. Walipofika kwenye moyo, redio ikawaka. Alipata arobaini na tatu.

"Tuliwahi kuambiwa kwenye semina," mwalimu alisema, huku akivua miwani. "Wapo watoto ambao kichwani kumejaa, mkono ndio unaogoma, na kuwakaripia hakusaidii. Nikayaandika, nikafunga daftari, nikasahau." Akaichana fomu. Binti angepanda darasa na wenzake. Mitihani angejibu kwa mdomo, na palipo lazima kuandika angeongezewa muda. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajibana.

Njiani binti alitembea katikati yetu.

"Mama, ule mwandiko ni kama wangu."

"Ni huo huo."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua inavyouma."

Dada akasimama palepale. "Nilijua, mwanangu. Niliogopa. Nisamehe."

Binti akatangulia mbele yetu. Tulipofika kibandani, alivuta kigoda chake kwa mazoea, akafungua daftari. Dada akalifunga.

"Liweke. Nieleze habari za ule moyo."

Binti akamtazama kwanza, kisha akaanza tangu mwanzo. Dada akakanyaga cherehani polepole, ili isimzidi sauti.