Wakili wa kwenye video ananifuata mimi tu

Wakili mkubwa wa Geita mjini hapitishi siku bila kunitafuta.

Kila nikifungua video ya ngoma, anatangulia yeye: "Ndoa imekushinda? Njoo ofisini kwetu."

Leo hapa Rwamgasa nikawaonyesha wachimbaji wenzangu. Nikawaambia, mnaona, wasomi wananijua.

Mke wangu akafungua video hiyohiyo kwenye simu yake. Likatoka tangazo la sabuni.

"Baba Kulwa, mbona wakili wa talaka anakuja kwako tu?"

Muuza vocha akadakia: "Mama, matangazo yanafuata kile mtu anachotafuta mtandaoni."

Sasa Mama Kulwa yuko stendi na begi, anakwenda kwao Tinde. Jamani, nimwambieje?

Maana juzi, aliponinyima mchuzi, niliiuliza simu kama ng'ombe wa mahari hurudishwa pamoja na ndama.