Nyumba Iliyoandikwa Sifuri

Harufu ya udongo mwekundu uliochimbwa asubuhi, kabla jua halijaukausha, ndiyo harufu ya mwaka wangu wa darasa la sita. Nyuma ya nyumba yetu ya kupanga pale Munyaka, kati ya ukuta wa jikoni na mistari mitatu ya sukuma wiki, Mama alichimba shimo dogo la kumfikia mtoto kiunoni, akalizungushia gunia kuukuu ndani ili udongo usimkwaruze. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wangu Nafula, aliyefikisha miaka miwili bila kuweza kuketi asipoegemezwa mito, sembuse kusimama. Nyanya alikuwa ameagiza kwa simu kutoka Bungoma kwamba mtoto mwenye miguu mizito husimamishwa shimoni, ardhi imshike mpaka mifupa izoee. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza nyanya na vitunguu, Mama alimteremsha Nafula taratibu, akamshindilia matambara pande zote, akamwekea beseni la plastiki mbele yake alipigepige. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kumtoa mara tu jua lilipopanda juu ya bati la jirani, nimwoshe, nimlishe uji. Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo mambo ya Nafula yalikuwa ya Mama na mimi.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: nilimpenda mdogo wangu ndani ya nyumba tu. Usiku nilimkumbatia, nilijua namna ya kumchekesha kwa kumpulizia shingoni, lakini nje ya lango sikutaka ajulikane. Shuleni nilikuwa nimesikia wasichana wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo ni malipo ya jambo ambalo mama yake alitenda, na nilicheka nao. Rafiki yangu mkubwa, Cheruto, alikuwa binti wa mwalimu. Kwao Yamumbi walikuwa na nyumba ya mawe, ng'ombe wa maziwa na kabati la vitabu, nami nilitaka sana kufanana naye. Aliponiuliza tuko wangapi kwetu, nilimwambia niko peke yangu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini uongo wangu ulikuwa na bahati mbaya ya kutembea mbali.

Ilikuwa likizo ya Agosti, asubuhi ya baridi baada ya mvua. Cheruto alikuja bila kuarifu kuazima kitabu changu cha hesabu, na tulikuwa tumesimama mlangoni alipoingia langoni Mama Jeruto. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mama mnene mpole, mwenye kizibao cha buluu na daftari lililofunikwa karatasi ya kaki. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuandika watoto waliochelewa kuketi, kutembea au kuongea, kwa sababu zahanati ilikuwa imeanzisha siku ya Jumanne ya kuwafanyisha mazoezi. Kwenye kila mlango aliandika kwa chaki idadi ya watoto wa namna hiyo aliowapata, ili mwenzake akipita nyuma yake ajue nyumba ipi ya kurudia. Alinisalimu, akaniuliza Mama yuko wapi, nikamwambia yuko sokoni. Ndipo akauliza swali lenyewe.

"Na uko na ndugu mdogo hapa, mwenye hajaanza kutembea?"

Cheruto alikuwa amenisogelea mpaka bega lake liligusa langu. Nafula alikuwa nyuma ya jiko, hatua kumi na tano hivi kutoka tuliposimama, kimya kama kawaida yake.

"Hapana," nikasema. "Niko peke yangu."

Mama Jeruto alitazama kamba ya nguo, palipokuwa na nepi nne zilizoanikwa. Aliuliza zile ni za nani, nikasema ni za jirani, hatuna ugomvi na jirani, tunamwachia kamba. Sijui maneno hayo yote niliyatoa wapi. Alinitazama kidogo, akaguna, akatoa chaki mfukoni na kuandika sifuri kubwa ya duara juu ya bawaba ya mlango wetu wa buluu. Kisha akaenda zake nyumba ya pili.

Ili Cheruto asizunguke nyuma ya nyumba, nilimvuta barabarani tukacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wengine. Tulicheza muda mrefu, na nilikwepa mpira vizuri siku hiyo. Niliporudi, jua lilikuwa limeshapita bati la jirani zamani, na nilimkuta Nafula amelala wima ndani ya shimo, shavu limelalia ukingo wa beseni, sisimizi wakimtembea mkononi. Hakuwa amelia. Nilimtoa, nikamwosha, nikampa uji uliopoa, na Mama aliporudi nilimwambia siku imekwenda salama. Aliuliza ile alama ya mlangoni ni ya nini. Nikamwambia ni watu waliokuwa wakihesabu nyumba.

Alama ile ilikaa zaidi ya mwaka, kwa kuwa paa letu lilichomoza na mvua haikuufikia mlango. Kitambaa chenye maji kingetosha kuifuta. Ningeweza pia kumkimbilia Mama Jeruto kanisani Jumapili yoyote, maana tulisali pamoja, nikamwambia nilikosea. Kila wiki nilijiahidi wiki ijayo. Samaki mkunje angali mbichi, tulifundishwa darasani tukaandika na insha juu yake, na mimi nilipata alama za juu, huku mdogo wangu akikauka nyumbani.

Mama alikuja kusikia habari za Jumanne, na maana ya zile namba za chaki za Mama Jeruto, kwa mwanamke mmoja waliyeuza naye nyanya. Alimfunga Nafula mgongoni siku iyo hiyo, maana ilikuwa Jumanne, nami nikafuata nimebeba mfuko wa nepi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kijana mwenye mikono ya taratibu. Alimlaza Nafula kwenye mkeka, akamkunja magoti, akamgeuza ubavu huu na huu, akimsemesha wakati wote. Aliposikia habari za shimo hakucheka. Alisema lilikuwa wazo jema, ila shimo peke yake halitoshi. Mtoto anahitaji kufundishwa kuketi, kushika, kujigeuza, na mapema ndiyo bora kwa sababu miaka ya kwanza ubongo hujifunza upesi. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba laiti tungekuja mwaka uliopita.

Mama Jeruto alikuwa palepale barazani na akina mama aliowaleta. Mama alimwendea na mtoto mgongoni. Hakupaza sauti.

"Ulipitia nyumba zote za plot yetu," alimwambia. "Yangu ukaiandika sifuri. Nilikukosea nini?"

Mama Jeruto alifungua mdomo. Kisha macho yake yakanikuta mimi, nimesimama na mfuko wa nepi, nikaona kwamba amekumbuka kila kitu: rafiki yangu, kamba ya nguo, jibu langu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Akamgeukia Mama.

"Nisamehe, Mama Naliaka," akasema. "Ni mimi nilikosea."

Naliaka ni mimi. Nilisimama pale nikasikia jina langu likitajwa katika msamaha ambao mimi ndiye niliyepaswa kuuomba. Mama hakumsamehe. Kwa miaka mingi hakumpa mkono kanisani, na mtaani wakaanza kusema kwamba yule mama huchagua nyumba za kuandika. Mwishowe alihamia Kiplombe kwa mwanawe, na huko ndiko alikofia. Aliondoka duniani na lawama yangu.

Nafula aliketi mwenyewe baada ya miezi minne ya mazoezi. Alisimama kwa kushika ukuta akiwa na miaka mitano. Leo ni mwanamke mzima, anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, ana maneno machache ambayo sisi wa nyumbani tunayaelewa. Mwaka ule mmoja ungempa nini, hakuna anayeweza kusema. Niliwahi kumuuliza mtaalamu, akanijibu kwa upole kwamba hawapimi hivyo, na upole wake haukunisaidia.

Siku hizi mambo yamebadilika. Nilipompeleka mwanangu kliniki, muuguzi aliniuliza kama anainua shingo, kama anafuata uso wangu kwa macho, akaandika kwenye kitabu. Akina mama wanawaleta watoto wao mchana kweupe, wanasimuliana maendeleo kwenye benchi. Ninafurahi, kisha nainamisha macho. Desemba iliyopita nilishindwa kuendelea kuficha, nikamweleza Mama yote akiwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Nilitamani anitukane. Alisema kwamba amemzika yule mama moyoni akiwa adui, na kwamba hilo atalijibu yeye mwenyewe kwa Mungu. Halafu akaniuliza, "Na Nafula umemwambia?"

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilikuwa nimemwomba Mungu, nimekwenda Kiplombe nikasimama kaburini, nimemwambia Mama. Wote, isipokuwa mwenye miguu yenyewe. Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba Nafula haelewi mambo ya namna hiyo, na nilijiambia hivyo kwa sababu ilinifaa. Niliingia chumbani kwake, nikaketi kando yake kitandani, nikamshika mkono, nikamweleza kwa maneno mepesi: mama aliyekuja, alichouliza, nilichojibu. Alinitazama usoni mpaka nikamaliza. Kisha akauondoa mkono wake katika wangu, akageukia ukuta, na siku hiyo hakunitazama tena.