Mkwe Aliyeingia Mibani

Kiilu anakaa Kiboko, nyuma ya maduka ya barabarani, na shamba dogo la ndengu na goti linalomsumbua. Majirani humwita Koplo. Hawajui kwamba kabla ya hapo alikuwa sajenti.

Mwaka 1976 kazi yake ilikuwa kumlinda konstebo Mulei, aliyetumwa Tawa kujifanya mnunuzi wa pembe za ndovu. Mulei alikuwa Mkamba aliyelelewa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Wakampa kanzu, kofia na jina la Othman. Kabla ya kumwachilia, Kiilu alimhoji siku mbili: nani anamjua Tawa?

“Kinyozi wako?”

“Yuko Mombasa.”

“Mwalimu?”

“Alishakufa, afande.”

“Wanawake?”

“Mke wangu mmoja, Ndila, kelele zake zinanitosha.”

“Na kwao?”

“Wote wako Migwani. Mbali.”

Kiilu akaishia hapo. Mkamba hamuulizi mwanamume habari za mama mkwe wake. Ndiyo nthoni hiyo: ukikutana naye unaacha njia na kugeuza uso, na hata kumtaja unaona haya. Ndila angejibu mara moja. Mama yake, Kalondu, alikuwa amehamia kwa dada yake Tawa tangu mavuno. Ila Ndila hakuulizwa.

Ishara ya hatari ilikuwa kuvua kofia. Siku ya soko Kiilu aliketi kwa fundi wa viatu, mguu mmoja mtupu, akimwangalia Mulei akipatana bei na majangili wawili. Mara Kalondu akatokea na kapu lake la ndengu. Mulei akaruka nje ya njia, akaingia kwenye miba, akawapa wote mgongo na kuivuta kofia mpaka puani.

“Othman!” jangili mmoja akacheka. “Kumbe hata Mombasa mnakimbia akina mama?”

Mulei naye akacheka. Yule mwenzake hakucheka; alimfuata Kalondu kama mtu anayetaka ndengu.

Kofia haikuvuliwa. Amri ya Kiilu mwenyewe ilisema bila ishara asiinuke mtu. Akabaki ameketi. Baadaye wale watatu wakapanda gari. Mulei aliokotwa mtoni siku ya nne.

Kwenye mazishi Kalondu alimshika Kiilu mkono.

“Mwanangu, ungeona alivyonipisha pale Tawa! Wengine wakishavaa viatu vya mjini, hata salamu ni shida. Nilimjua, hata na ile kanzu. Rafiki yake mmoja akaniuliza, ‘Mama, yule ni nani wako?’ Nikamwambia bila kuficha: huyo ni mkwe wangu, wa Ndila.”

“Alikuwa na adabu, mama.”

Wakubwa walipotaka kujua nani alimfichua Mulei, Kiilu aliandika kwamba kosa ni lake peke yake. Wakamshusha cheo.

Kalondu aliishi miaka kumi na minne zaidi. Kiilu alipopita Tawa kumsalimu, habari ilikuwa ileile, na swali lake la mwisho lilelile.

“Ile miba, mwanangu, ilimchoma sana?”

“Kidogo tu, mama.”